Nusu Nyingine

Waraka ni nusu ya kuonana,
nami nilikuwa mbeba nusu.
Miaka kumi na tisa, mfuko wa posta begani,
kutoka Naryn mjini hadi kwetu Kyzyl-Dobo,
kwa farasi kwanza, na farasi alipokufa, kwa miguu,
theluji ikinifika magotini
na mbwa wa kila ua wakiijua harufu yangu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Zuurakan.
Zuurakan ana watoto watatu:
wawili wa jicho, mmoja wa tumbo.
Wale wa jicho wamekaa naye, hawabanduki.
Wa tumbo, Mirlan, alikwenda Moscow
kufagia ngazi za majumba ya watu.

"Nisomee, Aijamal."
Nikaketi karibu na jiko, nikafungua bahasha.
Palipoandikwa "huu mwezi wa tatu hatujalipwa"
nilisoma: mshahara umechelewa kidogo, mama.
Palipoandikwa "tunalala watu kumi na mmoja chumba kimoja"
nilisoma: sikosi wa kuzungumza naye.
Siuiti uongo. Niligeuza tu mto,
kama umgeuziavyo mgonjwa
apate upande wenye ubaridi.

Kisha wakaja vijana na mnara wao,
wakausimamisha kwenye kilima cha malisho.
Kondoo wakazoea kulala kivulini mwake.
Posta ikafungwa siku ya Jumanne.
Ufunguo ninao hadi leo, hakuna aliyeuuliza.
Kijiji kizima kikahamia kiganjani:
nani kauza fahali, nani kachumbiwa Bishkek,
picha za mikate ya jirani
ambaye ukuta wetu ni mmoja
na tangu vuli sijamtia machoni.

Mirlan akamtumia mama yake simu.
"Sasa tumeipata nusu nyingine," Zuurakan akaniambia,
akaiegemeza kwenye birika.
Kisha, kwa sauti ndogo:
"Lakini uje. Ukae pembeni asikuone. Unitazamie."
Maana Mirlan hawajui wale ndugu zake wawili,
nami nimekatazwa kuwataja.

Basi kila Ijumaa natazama.
Mirlan huketi penye ukuta uleule wa maua.
Mara moja simu ilimponyoka, ikaanguka chali:
nikaona dari yenye ukungu, vitanda vya ghorofa,
soksi za wanaume zikikauka kwenye bomba.
"Umeona nini?" Zuurakan aliniuliza baadaye.
"Taa," nikasema. "Ana taa nzuri."

Naye, kabla ya kupiga, huniomba niinue simu kidogo
ili mguu wake uliovimba usiingie.
Mama na mwana, kila mmoja na mkasi wake,
wanaikata picha
kama fundi anayelikwepa doa la kitambaa.

Ila kikohozi hakikatwi.
Ijumaa iliyopita kilikuja moja kwa moja,
kilomita elfu tatu na ushei,
bila stempu, bila mimi.
Nikafungua kinywa nikitafuta neno la kukigeuza,
nikakifunga.
Chai ilikuwa imepoa.
"Mirlan," Zuurakan akasema, "uvae skafu."
"Ninayo, mama."
Akaizima mwenyewe, akikipapasa kioo kwa kidole
kama mtu apimaye homa kwenye paji la uso.

Halafu akaingiza mkono chini ya godoro,
akatoa barua ya zamani, mikunjo yake imelegea.
Ya majira ya baridi yale. Niliitambua kwa doa la mafuta,
doa ni langu.
"Nisomee."
Nikasema moyoni, sasa siri ya nini,
nikaanza kusoma kilichoandikwa:
"Mama, leo siku ya pili sijala..."

Akaufunika mstari kwa kiganja.
"Siyo hivyo, Aijamal.
Soma vile ulivyoisoma siku ile."